Asilimia za makundi mawili zinatofautiana kweli? Mwongozo kamili wa kupima, kwa hesabu za malaria kali

Kila msimu wa tasnifu ukifika napata ujumbe wa namna hii: "Shikamoo mwalimu. Kundi la kwanza nimepata asilimia 8.5, la pili asilimia 11. Tofauti si ipo? Niandike tu kwamba ipo?" Namjibu marahaba, kisha namuuliza: asilimia ya watu wangapi? Kimya kidogo, halafu jibu linaingia. Mia mbili kila kundi.

Asilimia inayotajwa bila idadi ni kama bei inayotajwa bila kipimo. Elfu mbili ya nini, kilo au fungu? Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na fomula. Unaanza na watu waliohesabiwa, halafu fomula itafuata yenyewe.

Nitatumia mfano wa kweli, tena wa kwetu. Kati ya 2005 na 2010 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao AQUAMAT. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali, katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa kwinini, dawa ambayo wengi wetu tumekua nayo, ile ya kuvumisha masikio. Nusu walipewa sindano ya artesuneti. Swali lilikuwa moja: ni kundi lipi litapoteza watoto wachache?

Matokeo yalichapishwa 2010. Waliopewa artesuneti walikuwa 2,712, wakafariki 230. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafariki 297.

Chukua kalamu na kikokotoo cha simu. Tunaifanya hesabu nzima kwa mkono, kwa sababu ukishaifanya mara moja, kompyuta haitakudanganya tena.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kutazama matokeo

Mtafiti huanza na mawazo mawili yanayopingana. La kwanza linaitwa nadharia tete sifuri: dawa zote mbili ni sawa, na tofauti tunayoiona imeletwa na bahati tu ya nani aliangukia kundi gani. La pili ni nadharia tete mbadala: dawa hizi hazilingani.

Angalia sijasema "artesuneti ni bora". Nimesema "hazilingani". Huo ni upimaji wa pande mbili, na ndio ninaowashauri wanafunzi wote watumie. Wengine hupenda upande mmoja kwa kuwa unaikata nusu thamani ya p (uwezekano wa bahati peke yake kuleta tofauti kubwa kama uliyoiona au zaidi) na matokeo yanapendeza zaidi. Mimi nina sababu nzito ya kuukataa, na nitaieleza mwishoni kwa mfano mwingine wa hospitali za huku kwetu.

Hapo hapo amua pia kizingiti chako, yaani p ikishuka chini ya kiasi gani ndipo utaikataa nadharia tete sifuri. Kwa kawaida ni 0.05. Kiandike kwenye pendekezo la utafiti na usikiguse tena.

Hatua ya 2: Panga jedwali la mbili kwa mbili

Usiruke hatua hii hata kama unaona unaielewa. Makosa mengi niliyowahi kuyakuta yalianzia hapa: mtu anagawanya kwa jumla isiyo yake.

Artesuneti: walifariki 230, walipona 2,482, jumla 2,712.
Kwinini: walifariki 297, walipona 2,416, jumla 2,713.
Wote pamoja: walifariki 527, walipona 4,898, jumla 5,425.

Sasa gawanya kila kundi kwa jumla yake. 230 ÷ 2,712 = 0.0848, yaani asilimia 8.5. 297 ÷ 2,713 = 0.1095, yaani asilimia 10.9. Tofauti ni 0.0247, karibu asilimia mbili na nusu.

Usikadirishe mapema. Ukichukua 8.5 na 10.9 ukatoa, unapata 2.4, ukitumia desimali nne unapata 2.47. Ni tofauti ndogo, lakini ikizidishwa na kugawanywa mara tatu mbele ya safari inakua. Beba desimali nne au tano hadi mwisho, kisha ndipo ukadirishe.

Hatua ya 3: Hakikisha masharti yametimia

Masharti ni matatu. Kwanza, watu wa kundi moja wasitegemeane na wa kundi lingine, na mtu mmoja ahesabiwe mara moja tu. Pili, makundi yapatikane kwa bahati nasibu, ama kwa kuchagua sampuli au kwa kugawa matibabu. Tatu, kila chumba cha lile jedwali kiwe na watu wa kutosha. Kanuni ya mkono ni wasipungue 10. Chumba chetu kidogo kabisa kina 230, kwa hiyo tuko salama.

Kama una chumba chenye watu 3 au 4, acha kipimo hiki utumie kile cha Fisher, ambacho huhesabu uwezekano wenyewe bila kukadiria. Programu yoyote ya takwimu inacho.

Hatua ya 4: Tafuta uwiano wa pamoja

Hapa ndipo wazo lote lilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Nadharia tete sifuri inadai dawa ni sawa. Basi tuikubalie kwa muda. Kama dawa ni sawa, hakuna haja ya makundi mawili. Ni watoto 5,425 wa kundi moja, na 527 kati yao wangefariki bila kujali wamepewa dawa gani. 527 ÷ 5,425 = 0.0971.

Fikiria gunia lenye punje 5,425 za maharage, 527 nyekundu na nyingine zote nyeupe. Likoroge vizuri. Fumba macho, chota punje 2,712, kisha hesabu nyekundu. Unategemea zipatikane kama 263, kwa sababu 2,712 × 0.0971 ni takriban 263. Lakini hutapata 263 kila mara. Mara 255, mara 271, mara 260. Ukirudia mchezo huu siku nzima, karibu mara 95 katika kila 100 nyekundu zitakuwa kati ya 242 na 285.

Kundi la artesuneti lilikuwa na 230.

Ukiuelewa mfano huo wa gunia, umeshauelewa upimaji wote. Hatua zinazofuata ni njia ya mkato tu ya kufika pale pale bila kuchota maharage.

Hatua ya 5: Kokotoa kosa sanifu

Kosa sanifu hukuambia tofauti kati ya makundi mawili huyumba kwa kiasi gani kwa bahati peke yake. Fomula yake ni kipeuo cha pili cha: uwiano wa pamoja, mara moja kutoa uwiano huo, mara jumla ya (1 ÷ idadi ya kundi la kwanza) na (1 ÷ idadi ya kundi la pili).

Tuiweke kwa tarakimu:

0.09714 × 0.90286 = 0.08771
1 ÷ 2,712 + 1 ÷ 2,713 = 0.00073733
0.08771 × 0.00073733 = 0.00006467
Kipeuo cha pili cha 0.00006467 = 0.00804

Kosa sanifu ni 0.00804, kama nane ya kumi ya asilimia moja. Yaani kama dawa zingekuwa sawa, tofauti ya asilimia 0.8 kwenda juu au chini isingemshangaza mtu.

Kwenye simu, angalia mabano. Wengi hubonyeza kipeuo cha pili kabla hawajamaliza kuzidisha, wakapata namba isiyo sahihi. Jibu lako likizidi 0.1 kwa sampuli ya maelfu, rudi nyuma.

Hatua ya 6: Pata z

Gawanya tofauti kwa kosa sanifu:

z = 0.02466 ÷ 0.00804 = 3.07

Tofauti tuliyoiona ni mara tatu na kidogo ya ile ambayo bahati huileta kwa kawaida. Kwa upimaji wa pande mbili na kizingiti cha 0.05, mpaka ni 1.96. Tumeuvuka kwa mbali. Alama ya kutoa au kujumlisha mbele ya z inategemea tu ni kundi gani umelitanguliza; isikutishe.

Hatua ya 7: Thamani ya p, na maana yake hasa

Kwenye Excel andika:

=2*(1-NORM.S.DIST(3.067,TRUE))

Utapata takriban 0.0022. Hiyo 2 ya mwanzo ndiyo inayofanya upimaji uwe wa pande mbili. Ukiisahau, umepima upande mmoja bila kujua.

Sasa maana yake. Kama dawa zote mbili zingekuwa sawa, na utafiti huu ukarudiwa mara 1,000, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingejitokeza mara mbili hivi. Basi, haisemi zaidi ya hapo. Haisemi kwamba kuna asilimia 99.8 ya uhakika kuwa artesuneti ni bora, ingawa nimesoma tasnifu kadhaa zilizoandika hivyo hivyo, na msimamizi akapitisha. Wala haisemi tofauti ni kubwa. Sampuli ya watu milioni moja inaweza kutoa p ndogo sana kwa tofauti isiyo na faida kwa mgonjwa yeyote.

Ndiyo maana hatuishii kwenye p.

Hatua ya 8: Masafa ya uhakika

Hapa swali linabadilika. Hatuulizi tena kama tofauti ipo, tunauliza ni kubwa kiasi gani. Na kwa kuwa hatudai tena kwamba dawa ni sawa, tunaachana na uwiano wa pamoja. Kila kundi linabaki na uwiano wake.

Artesuneti: 0.0848 × 0.9152 ÷ 2,712 = 0.00002862
Kwinini: 0.1095 × 0.8905 ÷ 2,713 = 0.00003593
Jumla: 0.00006455, na kipeuo chake cha pili ni 0.00803

Zidisha kwa 1.96 upate 0.01575. Kisha toa na ujumlishe kwenye tofauti ya 0.02466. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia 0.0089 hadi 0.0404, yaani kati ya asilimia 0.9 na 4.0. Sifuri haimo ndani yake, na hilo linakubaliana na p yetu.

Kwa mganga wa wilaya anayepanga bajeti ya dawa, asilimia hizo hazina sura. Mgeuzie. Gawanya 1 kwa 0.02466 upate 40.5, kisha panda hadi 41. Kwa kila watoto 41 wenye malaria kali wanaopewa artesuneti badala ya kwinini, mmoja ambaye angefariki anarudi nyumbani. Kwa kufuata masafa yetu, idadi hiyo inaweza kuwa ndogo kama 25 au kubwa kama 112. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake 2011, artesuneti ya sindano ikawa chaguo la kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Nikiulizwa hesabu hizi za z zinamsaidia nani, hujibu kwa mfano huo.

Turudi kwa mwanafunzi wangu

Yeye alikuwa na 17 kati ya 200, na 22 kati ya 200. Asilimia 8.5 na 11, karibu sawa kabisa na za AQUAMAT. Pitia hatua zile zile: uwiano wa pamoja ni 39 ÷ 400 = 0.0975, kosa sanifu 0.0297, z = 0.025 ÷ 0.0297 = 0.84. Thamani ya p ni karibu 0.40.

Asilimia zile zile, jibu jingine kabisa. Kwa watu 200 kila kundi, bahati peke yake huleta tofauti ya asilimia 3 kwa urahisi, kwa hiyo asilimia 2.5 haithibitishi kitu. Lakini asiandike "makundi yako sawa". Aandike kwamba data yake haikutosha kuonyesha tofauti. Kesi ikikosa ushahidi mahakamani mshtakiwa huachiwa, wala hakimu hasemi amethibitisha kwamba jamaa ni malaika.

Alipaswa kuwa na watu wangapi? Kwa kizingiti cha 0.05, na akitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuinasa tofauti kama ya AQUAMAT iwapo ipo, hesabu ni hii: (1.96 + 0.84) kwa kipeo cha pili, ambayo ni 7.84 (hiyo 0.84 inatokana na ile asilimia 80, si z ya mwanafunzi), zidisha kwa jumla ya 0.0848 × 0.9152 na 0.1095 × 0.8905, ambayo ni 0.1751, gawanya kwa 0.02466 kwa kipeo cha pili. Jibu ni karibu 2,260. Kila kundi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuchapisha hojaji. Baada ya kukusanya data haina msaada, ni majuto tu.

Ukitumia kompyuta

Kwenye R, programu ya takwimu, mstari mmoja unatosha:

prop.test(c(230,297), c(2712,2713), correct=FALSE)

Itakupa kai mraba, kipimo kingine cha jedwali kama letu, ya 9.41. Usishtuke kukosa z: kipeuo cha pili cha 9.41 ni 3.07. Kwa jedwali la mbili kwa mbili, kai mraba na z ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili, kwa hiyo usiviripoti vyote kana kwamba ni ushahidi mara mbili. Ukiyaondoa maneno correct=FALSE, R itafanya sahihisho la Yates, linalopunguza kidogo tofauti kabla ya kuipima, na p itapanda hadi 0.0025. Kwa sampuli kubwa haibadilishi lolote, ila ndicho chanzo cha wanafunzi wawili wenye data moja kubishana nani kakosea. Hakuna aliyekosea.

Pale kipimo hiki kinapokataa

Umewauliza wanakijiji 150 kabla ya semina, ukawauliza wale wale 150 baada yake? Hayo si makundi mawili, ni jozi. Tumia kipimo cha McNemar, kinachotazama ni nani waliobadili jibu.

Umechagua zahanati 6 na kuwapima wagonjwa wote wa kila zahanati? Wagonjwa wa zahanati moja hufanana: muuguzi yule yule, maji yale yale, mbu wale wale. Una watu 600, lakini kwa takwimu una pungufu sana ya hao. Kosa sanifu la Hatua ya 5 litakuwa dogo kuliko hali halisi, na utaona tofauti ambazo hazipo. Hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote, maana p huwa inatoka nzuri mno na hakuna anayetaka kuuliza kwa nini. Hitaji lako hapo ni mbinu inayozingatia makundi, na mtu wa takwimu wa kukaa naye tangu siku ya kwanza.

Umelinganisha maswali 20 na moja limetoa p ya 0.03? Hata kama hakuna tofauti yoyote popote, maswali 20 yasiyotegemeana yana nafasi ya karibu asilimia 64 ya kukupa angalau p moja iliyo chini ya 0.05. Taja zote 20.

Na kama makundi hayakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa mfano waliojichagulia wenyewe dawa, z inaweza kuthibitisha tofauti ipo lakini haikuambii imeletwa na nini.

Zoezi, na ile sababu niliyoahidi

Miaka ya 2009 hadi 2011 utafiti mwingine, FEAST, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Uliwahusu watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri: miguu ya baridi, na ukibonyeza ukucha rangi inachukua sekunde kadhaa kurudi. Miongozo ilisema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Vitabuni ilionekana haina ubishi.

Walipewa maji ya haraka watoto 2,097, wakafariki 221 ndani ya saa 48. Hawakupewa maji hayo ya haraka watoto 1,044, wakafariki 76. Funga ukurasa, fanya hatua zote nane, kisha rudi.

Uwiano: 0.1054 na 0.0728. Tofauti 0.0326. Uwiano wa pamoja 297 ÷ 3,141 = 0.0946. Kosa sanifu 0.0111. z = 2.94. p = 0.003. Masafa ya uhakika: asilimia 1.2 hadi 5.3.

Namna ya kuiandika: "Kati ya watoto 2,097 waliopewa maji ya haraka, 221 (10.5%) walifariki ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 76 kati ya 1,044 (7.3%) ambao hawakupewa, tofauti ni asilimia 3.3, masafa ya uhakika ya 95% ni 1.2 hadi 5.3, z = 2.94, p = 0.003."

Soma tena upande wa tofauti. Waliopewa maji ndio waliofariki zaidi. Uandikishaji ulisimamishwa Januari 2011, wakiwa wamefikia watoto 3,141 kati ya 3,600 waliopangwa. Sasa jaribu kuirudia kwa upande mmoja, ukiwa umeandika mwanzoni nadharia tete kwamba maji ya haraka yanapunguza vifo, kama kila mtu alivyotarajia. Thamani ya p inatoka 0.998. Ungeandika "hakuna ushahidi kwamba maji yanasaidia" na kufunga faili, bila neno hata moja juu ya wale watatu wa ziada katika kila watoto mia.